Naombeni ushauri: Pemba, Mafia au Maldivi kwa ufukwe na kupiga mbizi?

Upepo Mwanana (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Nimekwama na muda unakwenda. Mwezi wa 11 tuna siku sita za mapumziko, mimi na mwenzangu. Tunatafuta kisiwa chenye vitu viwili: ufukwe wa kukaa na kuogelea, na mahali pazuri pa kupiga mbizi kwa mtungi. Nimechuja nikabaki na vitatu: Pemba, Mafia na Maldivi. Kila ninapouliza napewa jibu tofauti. Cheti ninacho. Moyo wangu uko Pemba kwa ajili ya zile kuta za matumbawe, ila sitaki kukurupuka. Kipi kinafaa zaidi?

Fungu la Mchanga
Mkuu, anza na ufukwe, maana ndio watu huusahau mpaka wafike. Mafia na Pemba maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Mafia upande wa Utende, maji yakipwa unabaki na tope, mikoko na majani ya bahari. Kuogelea ni saa za maji kujaa, au upande boti hadi fungu la mchanga kama Marimbani, nalo lina saa zake za kuonekana. Pemba kuna Vumawimbi huko kaskazini, rasi ya Kigomasha, mchanga mweupe mrefu kweli kweli. Maldivi maji hayapishani sana, unaingia saa yoyote unayotaka. Kwa ufukwe peke yake mimi nasema Maldivi, halafu Pemba, Mafia mwisho.

Mkia wa Taa
Ufukwe sawa, ila swali gumu liko chini ya maji.

Pemba ni kuta. Mwamba unaanza mita chache tu kutoka juu, halafu unashuka wima hadi usikoona, na mlango wa bahari kati yake na bara una kina cha mamia ya mita. Maji yakikutana na ukuta wa namna hiyo hayana pa kwenda ila pembeni, juu au chini. Mkondo unaoshuka ndio wa kuogopa. Angalia viputo vyako mwenyewe: vikisita kupanda, au vikianza kwenda chini, umeshaingia. Usipande kwa kushindana nao. Ogelea kwa ulalo kuuacha ukuta, ongeza hewa kidogo kwenye jaketi la kuelea, na ukitoka tu kwenye mkondo uwe tayari kuipunguza haraka, la sivyo utarushwa juu.

Mafia ni kitu kingine. Ghuba ya Chole imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Ndani ya ghuba kuna kinga, na mbizi nyingi hazihitaji kuvuka mita 25. Mlango wa Kinasi unapigwa maji yakijaa, kwa sababu ndipo maji safi ya bahari kuu yanapoingia. Yakianza kupwa yanatoka yale ya ghuba, yenye vumbi la mikoko, na yanakusukuma nje kwenye maji makubwa.

Maldivi sheria inaweka mwisho mita 30, na milango ya atoli, yaani yale mapengo kwenye pete za visiwa vya matumbawe, ina mikondo mikali pia. Usidhani maji ya buluu ni maji yaliyotulia.

Sasa tuambie: cheti cha ngazi gani, mbizi yako ya mwisho ilikuwa lini, na huyo mwenzako ana cheti?

Upepo Mwanana
Asanteni sana. Cheti ni cha ngazi ya kwanza, ila nimeshafika mita 28 nikiwa na kiongozi, kwa hiyo ukuta haunitishi. Mwenzangu anaogelea vizuri mno, atapiga mbizi ya majaribio hukohuko. Na niseme tu, Pemba nimeshalipa arbuni. Ndiyo maana naelekea huko.

Saa Kumi na Nane
Kabla ya kisiwa, hesabu ndege. Mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wapiga mbizi, uko wazi: ukipiga mbizi zaidi ya moja, au siku kadhaa mfululizo, kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mbizi moja tu isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, angalau saa 12. Naitrojeni iliyobaki mwilini hutengeneza viputo presha ya hewa ikishuka, na ndani ya ndege inashuka. Msidanganyike na ndege ndogo za visiwani, ihesabuni kama ndege nyingine.

Kwa siku sita maana yake ni hii: mkiondoka siku ya sita saa 2 asubuhi, uwe umetoka majini siku ya tano kabla ya saa 8 mchana. Siku ya kufika usiiwekee mbizi. Unabaki na siku nne, ya mwisho ikiwa nusu. Maldivi mkihitaji ndege ya pili kufika kwenye atoli, hesabu hiyo inabana zaidi.

Mlezi wa Mwamba
Na mwezi je? Mleta mada, tarehe zako zinaangukia wapi?

Upepo Mwanana
Tunafika siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Nilichagua makusudi, nimeambiwa usiku ufukwe unapendeza.

Mlezi wa Mwamba
Basi umejiwekea bamvua katikati ya safari. Siku zinazofuata mwezi mpevu au mwezi mwandamo ndizo maji yanapokwenda kwa nguvu kuliko zote. Kwenye kuta za Pemba, kwa mtu wa ngazi ya kwanza, hizo ndizo siku za kukaa nje. Ukisogeza safari wiki moja unapata maji mafu: mkondo unapungua, muda wa maji kusimama unarefuka, na vumbi la chini halitifuki sana. Msimu wenyewe ni mzuri, Kusi imeisha na Kaskazi haijashika, maji yanaonyesha mbali.

Lakini kuna kitu unakizunguka. Umeulizwa mbizi ya mwisho hukujibu. Umeulizwa kuhusu mwenzako umetupa kuogelea. Kuogelea hakutoshi. Kabla ya mbizi ya majaribio kuna fomu ya afya, na inauliza mapafu, moyo, masikio, kifafa, upasuaji na dawa. Kuna lolote humo ambalo jibu lake ni ndiyo?

Upepo Mwanana
Mbizi ya mwisho ni zaidi ya mwaka.

Mwenzangu ni mdogo wangu wa kiume, ana miaka 19. Ana pumu tangu utotoni. Pampu anaitumia mara chache, asubuhi za baridi au akikimbia sana. Nimemuahidi hii safari tangu aanze mitihani. Tumekubaliana kwenye fomu aandike hapana, kwa sababu akiandika ndiyo wanamkatalia hapohapo bila hata kumsikiliza. Mbizi ya majaribio mwisho wake mita 12, na sisi tutabaki mita 5 tu. Huko hakuna hatari ya maana.

Mkia wa Taa
Dada yangu, au kaka, hapo kwenye mita 5 ndipo ulipokosea, na ni pakubwa.

Juu ya maji presha ni anga 1. Mita 10 ni anga 2. Hewa anayovuta kutoka kwenye mtungi akiwa mita 10 ikibaki ndani mpaka juu, ujazo wake unakuwa mara mbili. Kutoka mita 30 hadi 20 inaongezeka kwa theluthi moja tu. Yaani mabadiliko makubwa kabisa yako kwenye maji mafupi, hayo mnayoyakimbilia. Pafu lililojaa linaweza kupasuka kwa kupanda mita moja na kidogo.

Mtu mwenye mapafu mazima anapumua kawaida na hewa ya ziada inatoka. Mwenye pumu, njia za hewa zikibana, kuna vifuko vinavyofunga hewa ndani hata kama anapumua. Akipanda, hewa ile inatanuka na haina mlango. Ikipenya kwenye damu inakwenda kwenye ubongo, na hilo ni suala la dakika.

Sasa tazama vichocheo vyake ulivyovitaja mwenyewe: baridi na kukimbia. Hewa ya mtungi imekaushwa, na inapoa zaidi inapotoka kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupumulia mdomoni. Mkondo ukimshika anapiga mapezi kwa nguvu, hiyo ndiyo mbio yenyewe. Ongeza unyunyu wa maji ya chumvi na hofu ya mara ya kwanza. Na pampu haitumiki chini ya maji.

Pezi Refu
Fomu ile si ya kuilinda kampuni peke yake. Kiongozi anaisoma ili ajue ampange nani na nani, akae umbali gani, abebe oksijeni ipi karibu. Mkiandika hapana mnamfunga macho mtu anayeshika uhai wa kijana wenu. Kama mzazi wenu angekuwepo mngemwambia mnachokwenda kuandika?

Nanga Kavu
Mimi nasema hii ni chai. Soma tena. Cheti cha ngazi ya kwanza mwisho wake mita 18, yeye ameshuka 28. "Mwenzangu" amegeuka mdogo wake baada ya kubanwa. Arbuni imelipwa Pemba halafu anauliza achague wapi. Nyuzi za hivi hufunguliwa na wauza safari ili kisiwa kipigiwe debe. Mleta mada, uliporudi kutoka hizo mita 28 ulisimama wapi, kwa muda gani, na kipimo cha hewa kilisoma ngapi?

Upepo Mwanana
Mita 5, dakika 3. Kiongozi alirusha boya la rangi ya chungwa tukapanda na kamba yake. Kipimo kilisoma bar 60. Sina safari ninayouza. Habari za mdogo wangu nilizibania kwa sababu nilijua mtasema hivi mnavyosema.

Saa Kumi na Nane
Majibu hayo yananitosha. Na hata uzi ungekuwa wa kubuni, kuna mwenye pumu anausoma sasa hivi. Turudi kwenye mada.

Pumu si kukataliwa moja kwa moja. Akiandika ndiyo, fomu inamtaka daktari amchunguze na kutia saini. Daktari atamtaka apulize kwenye kipimo cha mapafu akiwa ametulia, kisha baada ya mazoezi. Miongozo ya Uingereza inaruhusu baadhi ya wenye pumu iliyodhibitiwa, ila si wale ambao pumu yao inachochewa na baridi, mazoezi au hisia kali, na hakuna anayeruhusiwa kama amehitaji pampu ya kutuliza ndani ya saa 48. Kwa maelezo uliyotoa, uwezekano wa kuruhusiwa ni mdogo. Mpeleke mapema, msisubiri mfike kisiwani.

Fungu la Mchanga
Kwa hiyo kisiwa kichaguliwe upya kwa ajili ya mtu wa snokeli, anayeelea juu na miwani na mrija wa kupumulia. Mafia inapanda juu ghafla. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe wanakula karibu na uso wa maji upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, na kuwaona hakuhitaji mtungi hata kidogo. Mnashuka kwenye maji kimya, mnakaa mita 3 au zaidi kutoka mwilini, mbali zaidi na mkia, bila kugusa. Samaki mkubwa kuliko wote duniani anapita chini ya tumbo lako mdomo wazi. Huyo kijana hatakumbuka kwamba alikosa mtungi.

Mkia wa Taa
Nakubali kuhusu potwe, ila arbuni isipotee bure. Misali, magharibi ya Pemba, ina mwamba ulio kwenye maji mafupi ambao kwa snokeli unauona wote, ufukwe safi, na ukingo wa ukuta uko palepale kwa mwenye mtungi. Wote wawili mnatumia boti moja. Kwa maji mafu hapo panafaa.

Upepo Mwanana
Nimewapigia Pemba. Arbuni inahamishika kwenda wiki inayofuata bila kukatwa. Mdogo wangu amenuna, lakini amekubali kumwona daktari Jumanne. Daktari akikataa, nitaomba siku zote ziwe za Misali. Potwe nimewaandika kwa mwaka kesho. Je, mimi na mwaka wangu bila mbizi nifanyeje?

Mlezi wa Mwamba
Omba mbizi ya kujikumbusha siku ya kwanza ya maji, ndani ya kinga, mita 6 hadi 10. Kujaza na kutoa maji kwenye miwani, kutafuta regyuleta iliyokutoka mdomoni, kupumua kwa regyuleta ya akiba ya mwenzako, kuelea bila kupanda wala kushuka. Uzito uangaliwe ukiwa na mtungi unaokaribia kwisha, bar 50 hivi: ukishikilia pumzi ya kawaida na jaketi tupu, maji yawe usawa wa macho. Kisha baki ndani ya mita 18 zako, na umwambie kiongozi hivyo kabla hamjapanda boti.

Pampu ya kijana ikae kwenye mfuko usioingia maji, ndani ya boti anayoogelea karibu nayo, na nahodha ajue iko wapi. Snokeli nayo inavuta chumvi. Akianza kukohoa, apande.