Je, sisi ni mume na mke, au tunaishi kinyumba tu?

Muulizaji, Tabata

Shalom wapendwa. Mimi ni Mlutheri, mwenzangu ni Mkatoliki, na tumeishi pamoja kwa miaka sita. Mshenga alipeleka posa kwetu Machame, wazee wakapokea sehemu ya mahari na kutuombea, lakini salio halijalipwa, na hatujafunga ndoa kanisani wala bomani. Mwezi uliopita nilikwenda kuomba mtoto wetu wa pili abatizwe, nikaambiwa mbele ya watu kwamba sisi hatuna ndoa. Nilipomweleza baba mdogo, naye akasema hakuna ndoa mpaka mahari iishe. Je, mwenye kauli ya mwisho ni nani: wazee, kanisa au serikali? Na mbele ya Mungu, mimi ni mke au siyo?

Wakili, Kinondoni

Dada yangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaieleza ndoa, katika kifungu cha 9, kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, nayo inazitambua ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila, na hakuna kati ya hizo iliyo nusu ndoa. Kuhusu mahari, baba mdogo amekosea: kwa kifungu cha 41, ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikukamilishwa, wala kwa sababu haikusajiliwa.

Swali zito ni jingine. Siku ile Machame, wazee walikukabidhi kwa mume, au walipokea posa tu? Kama walikukabidhi kwa taratibu za kwenu mbele ya mashahidi, unayo ndoa ya kimila, na inafaa muisajili. Kama ilikuwa posa, kinachobaki ni kifungu cha 160, kwamba watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana. Wengi mtaani huamini kwamba miaka miwili hufunga ndoa yenyewe, na imani hiyo imewaumiza wanawake wengi. Hiyo ni dhana, na inaweza kupingwa kwa ushahidi: akijitokeza kesho mwanamke mwenye ndoa ya kanisani na mwenzako, dhana hiyo inaanguka, ingawa mahakama bado inaweza kukusikiliza kuhusu matunzo. Kumbuka pia kwamba ndoa ya kimila huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Katekista, Ubungo

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa imani yetu Wakatoliki, kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, na kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inasema hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo badala yao. Wanaopeana sakramenti ni maarusi wenyewe. Padre huipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Kwa karne nyingi watu waliweza kuoana kwa kuahidiana faraghani, na ilitokea mwanamume akakana ahadi hiyo na kuoa mwingine, wala mke wa kwanza asiwe na shahidi. Kwa sababu hiyo Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563, uliagiza ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi. Utaratibu huo uliletwa kumlinda mtu wa aina yako, dada. Kwa kuwa mwenzako ni Mkatoliki, unamfunga hadi leo, na kwa kuwa wewe ni Mlutheri, mtahitaji ruhusa ya askofu, ambayo paroko huwaombea.

Mama wa watoto watatu, Kimara

Mpendwa, nami nilipita huko. Sisi Walutheri hatuihesabu ndoa kuwa sakramenti. Luther aliiita jambo la kidunia, lililowekwa na Mungu lakini likiwa chini ya sheria za serikali. Hata hivyo usijifariji kwa hilo. Yesu alimwambia yule mwanamke Msamaria kwamba aliyekuwa naye si mume wake, maana yake kuishi pamoja pekee hakutoshi. Lakini alimwambia kwa upole, wakiwa wawili kisimani. Hivyo ndivyo ulivyostahili kuambiwa.

Kilichotuchelewesha sisi miaka minane hakikuwa imani. Kilikuwa ukumbi, kamati na michango. Tulipoamua kuachana na sherehe, ndoa yetu ilifungwa asubuhi ya siku ya kazi, tukiwa na mashahidi wawili na watoto wetu benchi la mbele, na cheti chake ni sawa na cha waliokodi ukumbi.

Muulizaji, Tabata

Asanteni sana. Nimempigia shangazi aliyekuwapo siku ile, naye amesema bila kusita kwamba ilikuwa posa, kwamba kukabidhiwa kulisubiri mahari iishe. Nimelia, lakini sasa ninajua niliposimama. Mwenzangu amesoma majibu yenu yote, na Jumamosi tunakwenda pamoja kwa paroko wake.