Kwa nini ndege iishiwe mnyanyuko kwenye kona ilhali mwendo unatosha?

Mwanafunzi wa Kipawa:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninajiandaa na mtihani wa leseni ya rubani binafsi hapa Dar es Salaam. Kitabu cha ndege yetu ya mafunzo kinasema mabawa hupoteza mnyanyuko, yaani nguvu ya hewa inayoibeba ndege, mwendo ukishuka hadi noti 50 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), lakini mkufunzi wangu anasisitiza kwamba ndege hiyohiyo inaweza kuanguka ikiwa na noti 70. Inawezekanaje?

Rubani wa Pwani:
Ongeza noti 10 unapokata kona, utakuwa salama.

Mkufunzi Mstaafu:
Ndugu Rubani wa Pwani, ushauri huo sikubaliani nao, kwa kuwa unamwacha kijana akiamini kwamba mwendo ndio unaoamua. Kinachoamua ni pembe kati ya bawa na hewa inayolijia: ikizidi nyuzi 15 au 16 hivi kwa ndege ndogo nyingi, hewa iliyokuwa ikiambaa juu ya mgongo wa bawa hubanduka na kuvurugika, na mnyanyuko hupungua ghafla, hata kama mwendo ni mkubwa. Noti 50 za kitabuni ni za ndege inayokwenda sawa, bila kona. Ukiilaza nyuzi 60 huku ukivuta usukani ili isishuke, mabawa hubeba mara 2 ya uzito wake, na kwa kuwa mnyanyuko hufuata mraba wa mwendo, zile 50 unazizidisha kwa 1.41, unapata kama 71. Kwa nyuzi 45 kikomo ni karibu 60, kwa hiyo zile noti 10 za nyongeza zimekwisha zote.

Mwanafunzi wa Kipawa:
Nashukuru sana, mwalimu. Je, ni wapi hasa rubani hujikuta amevuta kiasi hicho?

Dada wa Kusi:
Kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, mdogo wangu. Chukua njia ya kurukia namba 23 ya Uwanja wa Julius Nyerere, msimu wa kusi, ukizunguka kwa mkono wa kushoto. Kabla ya kona hiyo upepo unakusukuma kwa nyuma, hivyo unaupita mstari wa njia kabla hujamaliza kugeuka. Hapo mguu wa kushoto hukanyaga pedali ili pua igeuke haraka, ndege inazidi kulala, mkono unazungusha usukani kulia kuizuia, kisha unavuta kwa sababu pua inashuka. Aileroni ya bawa la chini, yaani kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa kinachoendeshwa na usukani, ambayo sasa imeinama, huliongezea bawa hilo pembe. Ndilo linalotangulia kupoteza mnyanyuko, na ndege hujipindua upande huohuo ikiwa imebakiwa na futi mia chache tu, ambazo hazitoshi kuiokoa. Ukiona umeupita mstari, usiilaze zaidi ya nyuzi 30: nyoosha mabawa, ongeza nguvu ya injini, panda, uzunguke upya.

Mkufunzi Mstaafu:
Naunga mkono. Na uamuzi wa kuzunguka upya uutangaze redioni ndege ikishatulia, si kabla.