Malaika wangu kakatazwa kupenda, ila sijui kwa nini

Kalamu Mbichi: Wakuu, naandika riwaya ya vijana: malaika mlinzi anampenda binti anayemlinda. Nimekwama sura ya tisa. Jana mdogo wangu kaisoma, kafika pale malaika anaposema "hatuwezi, ni haramu," akaniuliza, "Haramu kwa sababu gani?" Nikabaki nimeduwaa. Mabawa nimeyaeleza kurasa mbili nzima, unyoya kwa unyoya, hilo sikuliwaza kabisa. Nisaidieni.

Msomaji wa Usiku: Pole, mabawa yametuponza wengi. Soma Mwanzo 6: wana wa Mungu wanawaona binti za wanadamu kuwa wazuri, wanajitwalia wake. Aya nne tu, gharika hiyo inakuja. Kitabu cha Henoko, maandiko ya kale ya Kiyahudi yasiyo kwenye Biblia nyingi, ndicho kinachomwaga yote. Malaika 200 wanashukia juu ya mlima Hermoni, na kiongozi wao, Shemihaza, anahofia wenzake watageuka abebe dhambi peke yake, basi wanalishana kiapo. Hapo ndipo niliponaswa mimi. Malaika anaogopa kuachwa! Halafu wanazaliwa majitu, yanamaliza jasho la watu, chakula kikiisha yanawala watu wenyewe. Umeona? Wanaoumia si wapendanao, ni majirani.

Kalamu Mbichi: Sasa binti wangu azae jitu? Mdogo wangu atanicheka mwaka mzima 😂

Msomaji wa Usiku: Hapana bwana! Tafuta tu nani analipa. Mlinzi akimkodolea macho binti mmoja usiku kucha, wale wengine aliokabidhiwa nani anawaangalia?

Bi Kurasa: Mie langu jingine. Huyo malaika ana miaka maelfu, binti bado yuko shule. Kwenye riwaya nyingi za aina hii yeye ndiye anayejua kila kitu, anaficha, anasema "kaa mbali nami", kisha huyo dirishani saa nane za usiku. Angekuwa kijana wa kawaida tungemwitia watu. Mpe binti siri yake na nafasi ya kukataa. Na malaika naye awe mshamba wa kitu, hata mafua asiyajue.

Kalamu Mbichi: Nimerudi. Mabawa nimeyafuta, umebaki unyoya mmoja ulionasa kwenye zipu ya begi la binti. Sura ya kumi inaanza na mtoto mwingine kutumbukia kisimani, malaika akiwa palepale dirishani. Mdogo wangu kasoma mistari miwili, kainua kichwa: "Walimtoa?"