Kocha mpya wa Kentucky ametugawa: tulipie tena tiketi za msimu au tuachie viti?

Baba Amani, Lexington. Ijumaa 12 Aprili 2024

Wakuu, mama zangu na dada zangu wa humu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, maana kwenye kikundi chetu hakuna anayemsikiliza mwenzake tangu asubuhi.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa Bukavu, makazi yangu Lexington, Kentucky. Mji huu hauna timu ya NBA. Timu ni moja tu, ya chuo kikuu, na watu wanaishi nayo kuanzia watoto wa shule hadi bibi wa kanisani. Ubingwa wa taifa mara 8. Ukumbi wao, Rupp Arena, unaingiza watu zaidi ya 20,000. Sisi tuliofika hapa tukiwa wageni, mpira wa kikapu ndio uliotupa la kuzungumza na majirani kabla hata Kiingereza hakijakaa sawa mdomoni.

Oscar Tshiebwe alipokuja kuichezea Kentucky, mtoto wa Lubumbashi kabisa, wanaume 8 tunaosali pamoja tukaanza likelemba, yaani mchango wa pamoja, ya tiketi za msimu. Viti 4, huko juu karibu na paa, tunaingia kwa zamu na watoto wetu. Mshika pesa ni mimi.

Wiki hii imetuvuruga. Jumanne kocha John Calipari alitoa video ya kuaga baada ya misimu 15, Jumatano Arkansas wakamtangaza. Tukasema sawa, atakuja mkubwa mwingine. Dan Hurley wa UConn, ambaye ametoka kubeba kombe la pili mfululizo, hakuja. Scott Drew wa Baylor akasema anabaki kwake. Leo tukapewa jina la Mark Pope kutoka BYU, chuo cha Utah. Simu yangu haijanyamaza tangu hapo. Wanne wanasema hawatoi hata senti: kocha ambaye hajashinda mechi hata 1 ya mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa taifa wa vyuo, anapewaje Kentucky? Wawili wanasema apewe muda. Mmoja hajibu kabisa.

Na nyumbani nako kuna moto. Kijana wangu wa miaka 15 ameitoa ukutani jezi ya Oscar, namba 34, ameikunja na kuitia kwenye begi. Anasema Oscar alikuwa mtoto wa Calipari, kwa hiyo kuanzia leo yeye ni wa Arkansas.

Nilipie viti tukiwa wachache, au tuachie? Ukiviacha, kuvipata tena ni kazi. Na Jumapili Pope anatambulishwa Rupp Arena, kuingia ni bure. Nimlazimishe kijana twende, au nimwache na hasira zake?

Mtoto wa Kariakoo, Columbus

Pole mkuu. Usiachie viti kwa hasira ya Ijumaa. Yanga walipomleta Nabi 2021 hakuwa jina la kutikisa mtaa. Ameondoka ameacha ubingwa wa ligi mara 2 mfululizo na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Lipia, watakuja wenyewe.

Fundi wa Kikapu

Ndugu Baba Amani, acha niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona watu wanabishana jina badala ya mpira.

Kweli, Pope hajashinda mechi ya mashindano ya NCAA. Alienda 2021 akatolewa na UCLA, mwaka huu akatolewa na Duquesne, zote raundi ya kwanza. Lakini 2020 BYU walikuwa na ushindi 24 na vipigo 8, mashindano yakafutwa kwa sababu ya corona. Na wanaomlilia Calipari wakumbuke: tangu 2021 hadi mwaka huu Kentucky yake imeshinda mechi 1 tu ya mashindano hayo, ile ya Providence 2023. 2021 walimaliza na ushindi 9 kwa vipigo 16, hawakuitwa kabisa. 2022 wakatolewa na Saint Peter's. Mwezi uliopita wakatolewa na Oakland, Jack Gohlke akawatupia pointi 3 mara 10. Kombe la 2012 lipo na heshima yake ipo, lakini ni la 2012.

Pope anachezaje? Msimu uliopita karibu nusu ya mitupo yote ya BYU ilikuwa ya pointi 3. Wachezaji warefu wake wanasimama mbali na kikapu, wanapokea mpira na kupasia wenzao wanaokata kuelekea ndani. Msimu wao wa kwanza kwenye ligi ya vyuo ya Big 12 walitabiriwa nafasi ya 13, wakamaliza wa 5. Februari walikwenda Lawrence wakaipiga Kansas 76-68 kwenye ukumbi ambao watu wanatoka wamenuna. Tazameni marudio ya mechi ile kabla hamjapiga kura kwenye likelemba yenu. Mtu aliyechoka kuona Kentucky ikimpa mpira kijana mmoja na wengine 4 wakimtazama, ataona tofauti ndani ya dakika 10.

Halafu si mgeni. Alikuwa mmoja wa manahodha wa kikosi cha 1996 kilichotwaa ubingwa chini ya Rick Pitino, jezi namba 41. Baada ya NBA aliingia chuo cha udaktari Columbia, New York, akaacha ili awe kocha. Mtu anayeacha udaktari kwa ajili ya kazi hii anaipenda.

Mama Neema, Louisville

Baba Amani, mimi niko upande wa wapinzani wenu, lakini leo naongea kama dada.

Hilo la "ni mwenzetu, alivaa jezi yetu" lisiwalewesheni. Sisi Louisville tulimchukua Kenny Payne awe kocha, aliyekuwemo kwenye kikosi chetu cha ubingwa 1986. Mji ulishangilia. Mume wangu alilia mbele ya televisheni siku anatambulishwa. Miaka 2 ikaisha na ushindi 12 na vipigo 52. Nilikaa uwanjani nikasikia viatu vya wachezaji vikilia sakafuni kwa jinsi watu walivyokuwa wachache. Mwezi uliopita tumeanza upya na Pat Kelsey.

Simsemi Pope vibaya. Tofauti ni kwamba Payne hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo kabla yetu, na Pope ana misimu 9 ya ukocha mkuu, Utah Valley na BYU. Ila wale 4 wanaogoma usiwaite wasaliti. Pesa ni yao na wasiwasi wao una msingi. Kocha anayelipwa wastani wa dola milioni 5.5 kwa mwaka ana haki ya kuulizwa maswali.

Mwana Lushi

Jambo sana papa Amani. Mimi ni wa Lubumbashi, commune ya Kenya, kama unaujua ule mtaa wetu. Nitasema juu ya mtoto tu, ya pesa wengine watasema.

Kwetu Oscar ni zaidi ya mchezaji. Siku alichukua ribaundi 28 juu ya Western Kentucky, Desemba 2021, mama yangu alikuwa anaita majina ya watakatifu kwenye simu kutoka nyumbani. Mwaka uliofuata akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mtoto wako aliona mtu mwenye jina kama la wajomba zake akishangiliwa na wazungu 20,000. Kwa yeye, Calipari ndiye alifungua ule mlango. Usimwambie hasira yake ni ya kitoto. Mwambie unaelewa kwa nini anampenda Calipari, halafu umkumbushe kwamba waliomshangilia Oscar wangali Lexington.

Usimlazimishe. Mwambie wewe unaenda, saa fulani gari inaondoka, na kiti kipo. Basi.

Wanjiku wa Hesabu

Niongee pesa, kwa sababu mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu hapa Dallas na vyama huvunjika kwa vitu kama hivi.

Kwanza, mwenye kutoka atoke kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, na aseme wazi kama anaachia nafasi yake moja kwa moja au anapumzika msimu mmoja. Msipoliweka hilo sasa, timu ikianza kushinda mtagombana. Pili, usijazie mwenyewe pengo lao kimyakimya. Wangapi wamebaki? Gaweni gharama kwa waliobaki, na kama ni nzito, uzeni mechi za timu dhaifu za Novemba na Desemba, mbaki na zile kubwa. Tatu, usiahidi mtu faida. Tiketi za msimu si biashara.

Kama baada ya hesabu bado inawaumiza, achieni viti 2, mbaki na 2. Si lazima iwe vyote au hakuna.

Baba Amani. Jumamosi 13 Aprili

Asanteni sana, nimesoma yote. Wanjiku, nimewaandikia wenzangu kama ulivyosema. Wawili kati ya wale wanne wamejitoa moja kwa moja, wameandika wenyewe. Wawili wanasema watasubiri waone Jumapili. Aliyekuwa hajibu amejibu: yumo.

Mama Neema, habari ya Payne nimeisoma kwa sauti kwenye kikundi. Imewatuliza hata waliokuwa wanashangilia mno. Na mke wangu anauliza kama Pope atabaki na wachezaji, maana inasemekana wengi wanaondoka.

Fundi wa Kikapu

Mwambie shemeji asitegemee sura nyingi za zamani. Reed Sheppard na Rob Dillingham wana soko kubwa NBA, na vijana waliosajiliwa na Calipari wengi watamfuata au watatafuta kwingine. Siku hizi mchezaji anahama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na kuna pesa za matangazo. Pope atajenga kikosi karibu chote upya kwa wiki chache. Hapo ndipo pa kumpima, kabla hata mpira haujarushwa.

Baba Amani. Jumapili 14 Aprili, usiku

Nimerudi sasa hivi, sauti imenikauka.

Nilifanya kama Mwana Lushi alivyosema. Nikataja saa, nikakaa kwenye gari. Kijana akatoka dakika ya mwisho, bila jezi, amevaa sweta la kijivu, hakusema neno njia nzima. Tulikuta foleni imezunguka jengo. Sijawahi kuona watu wengi hivyo kwa ajili ya mtu kuongea tu. Rupp ilijaa mpaka kwenye viti vyetu vya juu, wazee wenye jezi za 1996 zilizofifia, watoto wachanga mabegani.

Basi likaingia hadi ndani, Pope akashuka na wachezaji wa zamani, kombe la 1996 mikononi. Pale ndipo mama mmoja pembeni yetu alianza kulia, akanishika mkono bila kunijua. Pope alipoongea hakuomba apewe muda. Alisema anajua ameitiwa nini, kuleta mabango ya ubingwa. Kijana wangu alikuwa bado amekunja mikono, lakini wachezaji wa zamani walipokuwa wanatajwa alianza kuniuliza huyu nani, yule nani, alicheza nafasi gani. Nikamjibu ninaowajua, wengine tukamuuliza mzee wa mbele.

Wale wawili waliokuwa wanasubiri walikuwa humo humo uwanjani. Wamesema watalipa. Tuko 6, tunabaki na viti vyote 4, mechi ndogo tutaziuza. Kijana anasema atatazama pia mechi za Arkansas. Nimemwambia hakuna shida.

Mwana Lushi

Aksanti kwa kuturudishia habari. Umefanya vizuri, papa.

Baba Amani. Jumapili 2 Februari 2025

Naufufua uzi huu kwa sababu nina swali jipya, ila kwanza niwape habari.

Fundi alisema kweli, kikosi chote ni wageni, na kimetupa raha. Tumeipiga Duke 77-72 kule Atlanta, tumeipiga Florida 106-100 hapa nyumbani. Otega Oweh, kijana mwenye asili ya Nigeria, amekuwa kipenzi cha watoto wa kanisani. Jumanne tumeipiga Tennessee kwao Knoxville 78-73. Halafu jana Calipari akarudi Rupp na Arkansas, akazomewa alipotokea, akatufunga 89-79. Adou Thiero, aliyekuwa wetu, ndiye aliyetuumiza zaidi. Zamu ilikuwa yangu na kijana. Watu walipoanza kuzomea, yeye alisimama akampigia Calipari makofi, peke yake kwenye mstari wetu. Jamaa wa nyuma alimfokea akae, nikageuka nikamwomba kwa heshima amwache. Mechi ilipoanza akaishangilia Kentucky hadi mwisho. Nilijisikia baba kweli.

Swali ni hili. Wale wawili waliojitoa kwa maandishi wanaomba kurudi msimu ujao. Viti ni 4, watu 6, na watoto wamekua. Waliobaki wanasema wasirudishwe, walitukimbia siku ngumu. Kwangu mimi, hao ni watu ninaosali nao kila Jumapili. Mnasemaje?

Wanjiku wa Hesabu

Nafasi zao zimeshaenda, na waliandika wenyewe, kwa hiyo hakuna dhuluma. Waweke wa kwanza kwenye orodha ya kungojea, na mechi mnazouza mwanzoni mwa msimu wauzieni wao kabla ya mtu wa nje, kwa bei mliyonunulia. Mmoja wa 6 akiondoka, anayefuata anaingia. Waambie mbele ya wote, siku moja, msiwaambie pembeni.

Mama Neema, Louisville

Naunga mkono Wanjiku. Na bei iwe ile ile kweli, Baba Amani, msiongeze hata dola 1.