Mtoto wa pekee kunenepa: nizae mwengine kweli?

MamaMmoja_Bamburi
Asalaam aleikum. Nina kijana wangu wa miaka 7, ndo huyohuyo Mungu alonipa mpaka sa hii. Juzi nimempeleka kliniki na kikohozi tu, kupanda mzani kilo 36, daktari akaniangalia akanambia nimrudishe asubuhi kabla hajala apimwe sukari na mafuta, na presha pia. Nlishtuka wallahi, presha mtoto wa darasa la pili? Kufika nyumbani mamamkwe ashapata maneno, eti mtoto wa pekee ala fungu la wenzake, nizae mwengine atapungua mwenyewe, kwao walikuwa tisa na hakuna alokuwa mnene. Haya ni maneno ya wazee ama yana ukweli?

BabaSita
Kama watoto wengi ndo dawa basi hapa kwangu kungekuwa na timu ya riadha 😂 nna sita na wawili wamejaa kama magunia. Pole lakini dadangu.

Nesi_Likoni
Waaleikum salaam mamaa. Mimi ni muuguzi, na mamamkwe hajakosea yote. Ulaya walifuata watoto zaidi ya elfu 12 kwenye nchi 8, matokeo yakatoka 2012, wale wa pekee hatari yao ya kunenepa ilizidi ya wenye ndugu kwa zaidi ya asilimia 50. Walikuwa wacheza nje kidogo na wengi wana tivii chumbani, lakini hata hayo yakihesabiwa tofauti haikuisha. Ila hapo haijasemwa uzae! Imesemwa tu kuna kitu kwenye nyumba ya mtoto mmoja, na hicho ndo chako cha kutafuta.

Hebu nambie, yuwanywa soda? Chupa ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na mtoto kwa siku nzima asizidi gramu 25. Halafu kucheza kwa kutoka jasho, saa moja kila siku. Na mwangalie shingoni nyuma, kukiwa kweusi na kunene kama uchafu usotoka ukisugua, mwambie daktari, mara nyingi ni dalili mwili washindana na insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu.

Ukhti_MjiWaKale
Hao tisa wa mamamkwe msiwasifu sana jamani. Sisi tulikuwa wanane sinia moja, samaki mmoja wa kupaka, ukichelewa kutoka chuoni wakuta rojo na mwiba. Wembamba ule haukuwa afya, ilikuwa njaa ya heshima. Ndugu yangu wa mwisho alizaliwa mdogo mno, akalishwa akanenepeshwa haraka watu wakasema mashallah, leo hajafika 40 na ashaanza dawa za presha.

Nesi_Likoni
@Ukhti_MjiWaKale umegusa penyewe. Alozaliwa na uzito mdogo halafu akajazwa mbio mbio, huyo hatari yake ya sukari na presha ukubwani hupanda, awe wa pekee ama wa kumi.

MamaMmoja_Bamburi
Mmh. Sasa niwe mkweli. Twakaa gorofa ya nne, chini ni parking ya magari, sithubutu kumtuma akacheze peke yake. Skuli tuktuk, madrasa tuktuk. Babake akitoka kazini kila siku yuwamletea chipsi ama viazi karai na soda, ndo mapenzi yao hayo, na mimi nikikataza naonekana namnyima mtoto wa pekee. Angekuwa na ndugu si ile soda ingegawanywa.

BabaSita
Kwangu haigawanywi, wanapigania 😂 Lakini kweli hao wangu wakigombana wanakimbizana nyumba nzima hiyo nayo mazoezi. Mlete Jumamosi kwa mabinamu zake, si lazima uwazae wewe.

Nesi_Likoni
Hilo zuri. Ijumaa jioni pia bustani ya Mama Ngina kule baharini, babake ampeleke badala ya chipsi. Na usimpige njaa mtoto anakua, mwache arefuke uzito ukae palepale, inatosha. Chukua uzi, mpime urefu wake, ukunje katikati, umzungushe kiunoni. Usipofika mwisho tumbo limezidi.

MamaMmoja_Bamburi
Nimejaribu sa hii akiwa amelala. Umebaki wazi vidole vitatu. Kesho saa moja asubuhi twenda kupima, na babake nimemsomesha haya mazungumzo yetu yote, kanyamaza.