Mbwa anagoma kukanyaga vigae

Wakuu, mbwa wa miaka 2 anagoma mlangoni, sebule ni vigae vitupu. Akivutwa anatandaza miguu na kutetemeka. Dawa ni nini?

— Usimvute, mkuu. Akiogopa hukaza vidole, kucha zinatangulia, na kucha hazishiki kigae. Kinachoshika ni nyayo. Kata kucha hadi zisigonge sakafu, punguza na manyoya ya katikati ya vidole.

— Tandika mikeka yenye mpira chini, ifuatane hadi kwenye bakuli lake. Akizoea, iachanishe sentimita 5, kisha 10, na kipande cha nyama kila akikanyaga kigae. Akisita, rudi nafasi ya jana. Mkeka wa ukili mtupu huteleza, utamwongezea hofu.

— Kama zamani alipita vizuri, daktari wa mifugo akague nyonga na magoti kwanza.