Gitaa la umeme lenye pikapu moja na vitufe viwili: linafaa kazi au ni la kujifunzia tu?

Mcharazaji wa Makorora

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Nimepiga gitaa kavu, galatoni kama wazee wanavyoliita, kwa muda wa miaka minne, na sasa nimejaliwa kuweka akiba ya kununua gitaa la umeme. Kuna muuzaji wa vyombo vilivyotumika hapa Tanga ambaye ana magitaa mawili. La kwanza linang'aa, lina pikapu tatu (vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi), swichi ya hatua tano ya kuchagua pikapu, vitufe vitatu na mkono wa kutikisia daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikwa mwilini. La pili ni kipande cha mbao bapa kisicho na pambo lolote, lenye pikapu moja karibu na daraja, kitufe kimoja cha sauti na kingine cha toni, na bei yake haifiki hata theluthi mbili za bei ya lile la kwanza. Rafiki niliyekwenda naye alicheka akaniuliza kama nimefuata gitaa au ubao wa kukatia mchicha.

Hata hivyo, nilipoyajaribu yote mawili kwenye spika ileile, mkono wangu ulirudi kwenye ule ubao. Ninaomba mnieleze, je, ninavutwa na bei tu, au gitaa la namna hii lina faida ya kweli kwa mtu anayetaka kupiga muziki wa dansi?

Mzee wa Ridhim, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Rafiki yako mwache acheke.

Sisi tuliokulia katika mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz tulijifunza kwamba katika dansi gitaa halipigwi peke yake. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna ridhim ya kushikilia mdundo na kuna besi, na kila moja lina njia yake ambayo haliruhusiwi kuiacha ili kumkanyaga mwenzake. Ndugu wawili wa Kinyonga, Wilson na George, walipita Jamhuri Jazz hapa Tanga kabla ya kuunda Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Ukizisikiliza rekodi zao utasikia magitaa yakijibizana bila kugongana, kwa sababu kila mpigaji amechagua sauti moja na kubaki nayo tangu mwanzo wa wimbo hadi chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi, linapokolea. Bendi ndiyo yenye sauti nyingi. Mtu wa ridhim anayehamahama kati ya sauti tano ndani ya wimbo mmoja anamnyima mwenye solo mahali pa kusimama.

Nikueleze pia yaliyonikuta mwenyewe. Niliwahi kununua gitaa la swichi nyingi, nikaenda nalo kwenye harusi Pangani. Katikati ya wimbo wa tatu swichi ile ikapoteza mguso, nikawa ninapiga na hakuna kinachosikika, bwana harusi amesimama na mama yake tayari kucheza. Nilimaliza usiku ule nikiwa nimeishikilia swichi kwa kijiti cha kiberiti na plasta ya kidonda. Tangu siku hiyo ninapenda gitaa ambalo likinyamaza ninajua pa kutazama.

Fundi Redio, Chumbageni

Mzee amesema kweli, nami niongezee ya mezani kwangu.

Magitaa haya hayakuzaliwa jana. Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa Esquire mwaka 1950, gitaa la mbao nzima ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu nne, na ambalo kwa kawaida liliuzwa na pikapu moja tu. Mwaka 1954 Gibson nao wakatoa Les Paul Junior kwa bei ya chini ya dola 100 za wakati ule: mbao bapa ya mahogani, pikapu moja aina ya P-90, kitufe cha sauti, kitufe cha toni, na daraja la kipande kimoja cha chuma ambalo nyuzi zinalizunguka na kushikwa hapohapo. Danelectro walikwenda mbali zaidi, wakatumia ubao wa nyuzinyuzi zilizogandamizwa na kuziweka pikapu zao ndani ya vikopo vya rangi ya midomo. Mengi ya magitaa hayo ya bei ndogo yalikusudiwa wanafunzi, lakini wapigaji wakubwa waliyachukua. Leslie West wa bendi ya Mountain alijulikana kwa Junior lake lenye pikapu moja.

Ukifungua gitaa kama hilo utakuta vitu vichache mno: pikapu, ambayo ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, vizuizi viwili vya kuzungusha chini ya vitufe, kapasita moja ya kupunguza makali ya sauti, na tundu la jeki la kuchomekea waya wa spika. Basi. Katika mji wetu wa pwani hilo si jambo dogo, kwa sababu hewa ya chumvi inakula kila mguso wa chuma. Wiki chache zilizopita niliwekewa mezani gitaa la pikapu tatu lililolala Raskazone miaka miwili bila kufunikwa. Ndani ya swichi yake shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na kazi ya kusafisha mguso mmoja mmoja ilinichukua mchana mzima. La pikapu moja ningelimaliza kabla chai haijapoa.

Lina kasoro pia, na ni haki uzijue. Pikapu ya koili moja inanasa mngurumo wa umeme wa nyumbani, hasa ukisimama karibu na taa za mirija au transfoma, na kwa kuwa hakuna pikapu ya pili ya kuufuta, dawa ni kugeuza mwili mpaka upate upande ulio kimya. Vilevile daraja la kipande kimoja halikuruhusu kurekebisha urefu wa kila uzi peke yake. Lina skrubu mbili za kulisogeza zima, kwa hiyo mpatano wa sauti za nyuzi zake ni wa wastani.

Kabla hujalipa, rudi dukani ukafanye hivi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyolala shingoni) ya kwanza na kwenye freti ile shingo inapoungana na mwili, kisha tazama katikati: uwazi kati ya uzi na freti uwe mwembamba kama kadi ya simu. Ukiwa mkubwa mno, shingo imepinda. Halafu gusa uzi bila kuubonyeza juu ya freti ya 12, upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze hapohapo. Sauti hizo mbili zilingane. Mwisho zungusha vitufe polepole huku spika imewashwa. Vikikwaruza kidogo usiogope, hilo ni vumbi.

Binti wa Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Ninaomba nipingane nanyi kidogo.

Hoja ya Mzee wa Ridhim inasimama pale penye bendi ya magitaa manne, lakini kijana huyu ataipata wapi leo? Mimi ninapiga kwenye hoteli na harusi za hapa Bagamoyo tukiwa watatu: mwimbaji, kinanda na mimi. Usiku mmoja ninaombwa dansi, taarabu, na kaswida mbili kabla ya chakula. Tanga yenu ndiyo mji wa kikundi cha taarabu cha Black Star, ambao tangu miaka ya 1960 waliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, na mnajua kwamba sauti ile inataka uduara, si makali ya pikapu iliyobanwa darajani. Hapo ninahitaji pikapu ya upande wa shingo. Kumwambia mtu anunue gitaa la sauti moja ni kumwambia akatae nusu ya kazi.

Mzee wa Ridhim, Ngamiani

Marahaba binti, umenishika pabaya, na kwa kazi yako una haki.

Ila usilihukumu gitaa hilo kwa sauti ya kitufe kilichofunguliwa chote. Rudisha toni mpaka nusu ili kapasita iyapeleke makali ardhini, punguza sauti kidogo, kisha hamisha mkono wa kulia upige karibu na mwisho wa shingo ukitumia nyama ya kidole gumba badala ya kucha. Uzi ukipigwa pale unatoa sauti nene kuliko ukipigwa jirani na daraja, hata kama pikapu haijahama. Haitakuwa sawasawa na pikapu ya shingoni, hilo ninakubali, lakini waalikwa hawatalalamika.

Mcharazaji wa Makorora

Ninawashukuru nyote. Leo asubuhi nilirudi dukani. Lile linalong'aa lilikuwa na uwazi wa kupitisha sarafu, wakati ule ubao ulipita mtihani wa kadi, ingawa kwenye freti ya 12 uzi wa tatu unapanda juu kidogo na kitufe cha toni kinakwaruza kama bati. Nilimwonyesha muuzaji kasoro zote mbili, akanishushia bei. Dada wa Bagamoyo, nimekuelewa, na nikianza kupata kazi za harusi nitatafuta la pili.

Fundi, je, uzi huo wa tatu unatibika?

Fundi Redio, Chumbageni

Unatibika. Mara nyingi ni unene wa uzi wenyewe, au daraja linataka kurudishwa nyuma kidogo. Lete Jumamosi baada ya saa nne, na uje na seti mpya ya nyuzi, kwa maana hizo zilizomo bila shaka zina kutu.